Anatakiwa: Mwandishi wa Programu za Kupima Programu

Usiku wa tarehe 25 Februari, 1991, zikiwa zimesalia siku tatu tu vita vya Ghuba visimamishwe, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraq liliangukia ghala moja mjini Dhahran, Saudi Arabia, ambalo lilikuwa limegeuzwa kuwa bweni la askari wa Marekani. Askari 28 walipoteza maisha yao na wengine wapatao 100 walijeruhiwa. Kumi na watatu kati ya waliokufa walikuwa wa kikosi kimoja kidogo cha akiba kutoka Greensburg, Pennsylvania, ambacho kazi yake ilikuwa kusafisha maji ya kunywa, na ambacho kilikuwa kimewasili huko siku sita tu zilizotangulia.

Mji huo ulilindwa na makombora ya Patriot, ambayo kazi yake ni kuyapiga makombora ya adui yangali angani. Mtambo wa Patriot uliohusika ulikuwa umewashwa na rada yake ilikuwa ikifanya kazi. Hata hivyo haukurusha kombora hata moja. Kilichokosea ni hesabu ya saa, tena hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeweza kuieleza.

Kompyuta ya mtambo huo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde tangu ilipowashwa. Ili kupata sekunde kamili, ilizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi. Lakini kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika namna hiyo ya kuhesabu moja ya kumi haina mwisho, kama vile sisi tunavyoandika theluthi moja 0.333 na kuendelea bila kikomo. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi 24 tu za kuiandikia namba hiyo, kilichobaki kilikatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno: yapata 0.000000095 kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mtambo wa Dhahran ulikuwa umekaa ukiwaka kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Msomaji mwenye kalamu na azidishe: saa 100 ni sekunde 360,000, nazo ni sehemu za kumi 3,600,000, na kosa zima linafika 0.34 ya sekunde. Kombora la Scud huenda zaidi ya meta 1,600 kwa kila sekunde. Rada iliagizwa ilitafute kombora mahali palipokuwa zaidi ya nusu kilomita mbali na lilipo, na ilipoangalia pale haikuona kitu, ikalihesabu kuwa si adui.

Yafaa ieleweke kwamba kasoro hii haikuwa siri. Tarehe 11 Februari, majuma mawili kabla ya maafa hayo, Waisraeli waliokuwa wakitumia mitambo ya aina hiyo walitoa taarifa kwamba baada ya saa 8 za kuwaka mfululizo mtambo hupotoka kiasi cha asilimia 20. Programu iliyosahihishwa ilitolewa tarehe 16 Februari. Tarehe 21 watumiaji wote waliarifiwa kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kungeweza kuleta matatizo, bila kuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Askari asiyeambiwa ni saa ngapi atafanya nini? Kuzima na kuwasha upya kungetosha kuirudisha saa hiyo kwenye sifuri, na ni kazi ya dakika chache tu. Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya bweni kupigwa. Haya yote yameandikwa katika taarifa ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya mwaka 1992, na kila afisa anayepokea vyombo vipya angefaa kuisoma.

Tumelieleza jambo hilo kwa urefu kwa sababu linajibu swali ambalo askari wengi huuliza wanapokutana na tangazo la kazi lenye maneno mageni: "Anatakiwa mwandishi wa programu wa kushughulikia majaribio ya kujiendesha." Ni mtu gani huyu? Ikiwa yupo mwandishi wa programu, na yupo mtumiaji, huyu wa tatu anakuja kufanya nini, na kwa nini alipwe mshahara wa mtaalamu?

Jibu ni saa 100. Mtambo wa Patriot ulibuniwa kwa ajili ya kuhamahama, na wabunifu walidhani kwamba hautakaa mahali pamoja ukiwaka zaidi ya saa chache. Kwa hiyo hawakuujaribu kwa muda mrefu kuliko huo. Kumweka mtu mbele ya kioo kwa siku nne, mchana na usiku, akiandika kila dakika rada inatazama wapi, ni jambo ambalo hakuna mkuu wa karakana angelikubali. Lakini programu inaweza kuandikwa ikaifanye kazi hiyo. Itauwasha mtambo siku ya Ijumaa jioni, itautupia makombora ya uongo, italinganisha jibu la rada na jibu sahihi, na asubuhi ya Jumanne itakuwa imeacha karatasi inayosema: kuanzia saa fulani, mtambo huu unadanganya. Mtu anayeandika programu ya namna hiyo ndiye anayetakiwa katika tangazo lile.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la mitambo ya vita peke yake. Askari wetu aliye mpakani, anayemtumia mkewe fedha kwa simu, naye yumo. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na huduma kama hiyo ikaja Uganda mwaka 2009, fedha za mtu wa kawaida ziliingia ndani ya programu. Hebu tufikirie maswali ambayo programu hiyo lazima iyajibu kabla haijapewa mshahara wa mtu. Je, akituma shilingi sifuri? Akituma zaidi ya alizonazo? Mtandao ukikatika katikati, naye akabonyeza mara ya pili, fedha zitatoka mara moja au mara mbili? Akituma dakika moja kabla ya usiku wa manane wa mwisho wa mwezi, zitaandikwa mwezi upi? Mtu mmoja mwenye simu mkononi anaweza kuyajaribu maswali haya leo. Taabu ni kwamba programu hubadilishwa kila mara, na kila badiliko, hata la mstari mmoja, laweza kuharibu jambo lililokuwa jema jana. Kwa hiyo maswali yote, ya zamani na mapya, hayana budi kurudiwa tena na tena. Binadamu huchoka katika mara ya tatu na kuanza kuruka. Mashine haichoki, wala haitamani kwenda nyumbani.

Historia ya kazi yenyewe inaonyesha kwamba ilizaliwa na uchovu. Mwaka 2004, mjini Chicago, mwandishi wa programu Jason Huggins alichoshwa na kuijaribu kwa mkono, kila lilipofanywa badiliko, programu ya kujazia saa za kazi na gharama za wafanyakazi. Akaandika programu ya kubonyeza mahali pake, ambayo baadaye ilienea duniani kwa jina la Selenium. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Kent Beck na Erich Gamma waliandika chombo chao cha kupimia, JUnit, wakiwa ndani ya ndege iliyotoka Zurich kwenda Atlanta. Wote hao walikuwa waandishi wa programu hodari. Tunasisitiza jambo hilo kwa kuwa ofisi nyingi huwa na mawazo kwamba upimaji ni kazi ya yule aliyeshindwa kuandika, kama vile katika jeshi bovu ghala la silaha hukabidhiwa askari asiyeweza kupiga shabaha. Sisi tuliopita katika chuo cha kadeti tulifundishwa kinyume chake: fundi wa silaha huijua bunduki kuliko mpigaji, na akisema bunduki hii isitumike, hata kamanda huiweka chini.

Basi ofisi inayotaka kumwajiri mtu huyu, iwe benki, wizara au makao makuu ya kikosi, itamtambuaje?

Kwanza na iache tabia ya kujaza tangazo kwa majina ya vyombo. Tumeona matangazo yanayodai vyombo kumi au kumi na viwili, kana kwamba anatakiwa mtu wa kubeba sanduku la spana. Vyombo hivi hubadilika baada ya miaka michache, na mwandishi mzuri hujifunza kipya kwa majuma machache. Kisichofundishika kwa haraka ni jicho la kuona mahali ambapo kitu kitavunjika.

Jicho hilo lina mtihani wake, nao ni wa zamani. Mwaka 1979 Mmarekani Glenford Myers alitoa kitabu juu ya ufundi wa kupima programu, na katika kurasa zake za mwanzo aliweka zoezi moja. Kuna programu inayosoma namba tatu nzima, ambazo ni urefu wa pande tatu za pembetatu, kisha inasema kama pembetatu hiyo ina pande zote sawa, au pande mbili sawa, au haina pande zilizo sawa. Andika majaribio ya kutosha kuipima. Ni zoezi la kuchekesha kwa urahisi wake. Mtu hukimbilia kuandika 3, 4, 5. Kisha 5, 5, 5. Kisha 5, 5, 3. Na kuweka kalamu chini. Lakini je, amejaribu 5, 3, 5 na 3, 5, 5, maana huenda programu inatazama pande mbili za kwanza tu? Amejaribu 1, 2, 3, ambazo hazifanyi pembetatu bali mstari? Amejaribu 1, 2, 4, ambazo hata hazikutani? Sifuri je? Namba iliyo chini ya sifuri? Namba mbili badala ya tatu? Na kubwa kuliko yote: kando ya kila jaribio, ameandika jibu analolitazamia, au atangoja mashine imwambie jibu na kulikubali? Myers alikuwa na maswali 14 ya kujipimia, na alieleza kwamba waandishi wa programu wenye ujuzi mkubwa walipata wastani wa 7.8. Kwa maoni yetu zoezi hili, karatasi moja na nusu saa, lina faida zaidi ya vyeti vyote vinavyoweza kuletwa ndani ya bahasha.

Mtahiniwa aliyevuka hapo na apewe kompyuta aandike programu, kwani huyu ni mwandishi na si mkaguzi wa macho tu. Asiyeweza kuandika programu safi ataandika majaribio yasiyosomeka, na baada ya mwaka mmoja hakuna atakayejua yanapima nini.

Kisha aulizwe swali la tatu, ambalo si la kompyuta. "Jaribio limekataa. Mkuu wako anasema programu lazima itoke leo, kwa kuwa mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Utafanya nini?" Anayejibu upesi kwamba atatii hafai. Anayejibu kwamba atagoma naye tunamtilia mashaka, maana hataweza kukaa na wenzake. Tunayemtafuta ni yule atakayesema: nitamwandikia kwa maneno mepesi kitakachotokea, kitawapata watu gani, na baada ya muda gani, kisha uamuzi ni wake na sahihi ni yake. Watumiaji wa Patriot walipewa onyo lisilo na idadi ya saa. Mtu wa namna hii angeliandika idadi ya saa.

Swali hilo linatuleta kwenye mahali pa kumweka mtu huyu katika safu ya amri, na hapa wenye ujuzi wenyewe hawapatani. Kampuni ya Microsoft ilikuwa kwa miaka mingi na kundi la waandishi wa kupima lililosimama peke yake. Kuanzia mwaka 2014 iliwaunganisha na waandishi wengine, kwa hoja kwamba anayeandika ndiye anayepaswa kubeba jukumu la kupima alichoandika. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana mwandishi anayejua kwamba yupo mwingine wa kumsafishia huzoea kuchafua. Hata hivyo sisi tunashikilia kwamba katika vyombo vinavyogusa uhai wa watu, mpimaji ale mess moja na waandishi, akae chumba kimoja nao, lakini taarifa yake ifike kwa mkuu ambaye hatapoteza chochote kazi ikichelewa kwa juma moja. Na mshahara wake ulingane na wao. Akilipwa nusu, neno lake nalo litahesabiwa nusu.

Tahadhari moja kwa wakuu watakaompata mtu huyu na kumtaka aonyeshe idadi ya majaribio kila mwezi, kama mahindi katika debe. Wingi una hatari yake. Yapo majaribio yanayokataa leo na kukubali kesho bila kitu kubadilika, kwa sababu ya mtandao uliochelewa au saa mbili zisizopatana. Mwaka 2016 kampuni ya Google, ambayo ina majaribio ya mamilioni, ilieleza kwamba takriban asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kigeugeu cha namna hiyo kwa kiasi fulani. Askari wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mlinzi anayepiga kelele kila paka apitapo, baada ya usiku wa tatu hakuna anayeinuka kitandani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya mwajiriwa huyu, na isiyoonekana kabisa katika ripoti, ni kuwanyamazisha walinzi wa uongo na kuyatupa majaribio yasiyopima kitu.

Naye mlinzi mwenyewe hupimwa na nani? Tarehe 19 Julai, 2024, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta za wengine, ilisambaza badiliko dogo kwa wateja wake wote kwa wakati mmoja. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima. Ndege zilikaa chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi, na benki zikafunga madirisha. Badiliko lile lilikuwa limepita mbele ya programu ya kupima, nayo ikaliruhusu, kwa kuwa programu hiyo ya kupima yenyewe ilikuwa na kasoro. Ilitazamia vipengele 21 mahali ambapo programu ya wateja ilipokea 20 tu, na majaribio ya awali hayakuwahi kukigusa hasa kipengele cha 21. Kampuni ililirudisha badiliko lake baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kuzima nyingi zilihitaji kufikiwa na fundi moja moja. Lau badiliko lile lingepelekwa kwanza kwa wateja wachache, kama vile doria hutangulia mbele ya kikosi, hasara isingekuwa hiyo.

Kwa upande wa ndugu zetu polisi, iko habari nyingine ambayo twaona haijasimuliwa vya kutosha katika vituo vyetu. Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia programu ya hesabu iitwayo Horizon katika matawi yake. Programu ilionyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa matawi walisema hawaujui. Mahakama ziliamini kompyuta, kwa kuwa sheria ya huko ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vingine. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba zao kulipa deni lisilokuwapo. Mnamo Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa pamoja. Katika kesi hizo ilidhihirika kwamba lilikuwapo daftari la kasoro zilizojulikana, ambalo washtakiwa hawakuonyeshwa.

Mpelelezi anayeletewa karatasi ya kompyuta kama ushahidi wa wizi ana haki ya kuuliza kama angeuliza juu ya mizani ya dukani: ilipimwa lini, na nani, na daftari lake liko wapi? Ofisi iliyomwajiri mtu tunayemweleza itafungua kabati na kutoa majibu yenye tarehe, kila usiku wa kila mwezi, yaliyokubali na yaliyokataa. Ofisi isiyomwajiri itatoa barua ya meneja isemayo kwamba mitambo yetu ni ya kisasa.

Tumeulizwa na afande mmoja kama vikosi vyetu havingeweza tu kununua majaribio pamoja na programu kutoka kwa yule anayeuza. Vyaweza, na visiache kuyadai katika mkataba. Ila muuzaji hupima chombo chake kwa namna anavyodhani kitatumika, na kule Dhahran tumeona dhana hiyo ilivyokuwa. Anayejua kwamba gari la redio hukaa juu ya kilima likiwaka kwa siku tisa, kwamba vumbi huingia, kwamba umeme hukatika saa moja jioni na kurudi saa tano usiku, ni sisi. Huyo mwajiriwa mpya, katika miezi yake mitatu ya kwanza, asipewe kiti kwanza. Apandishwe gari aende akakae na waendeshaji wa mitambo, akiwa na daftari, aandike wanavyoitumia kwa kweli, pamoja na njia za mkato ambazo hawamwambii mkaguzi. Atakaporudi ndipo apewe kompyuta yake, aanze na jaribio la siku tisa.